Kichwa cha Mtu na Mkono wa Msusi

Wahakiki wamezoea kupima mashairi, hadithi, nyimbo na michoro. Kazi ya msusi hawaipimi. Huachwa mlangoni pamoja na kazi ya mpishi na ya fundi cherehani, kana kwamba jambo linalofanywa kila siku haliwezi kuwa na uzuri wala ubaya wa kuzungumzwa. Mimi hufanya kazi hiyo katika mji wa Meru, mwendo mfupi kutoka soko la Gakoromone, na mikononi mwangu vimepita vichwa vya kila namna: vya wauzaji wa miraa walioshuka kutoka Maua, vya walimu wa Nkubu, vya mabibi arusi wa Chuka na Embu, na vya wasichana waliomaliza shule jana. Nasadiki kwamba kazi hii ni sanaa, na kwamba, kama sanaa nyingine zote, iko iliyo njema na iko iliyo mbovu. Yafaa basi ihakikiwe, tena na mtu anayejua uzito wa kitana mkononi.

Taabu ya kwanza ya mhakiki ni kwamba kazi yenyewe haikai. Mchongaji akimaliza kinyago chake hukiweka rafuni, na kesho atakikuta pale pale. Msusi akimaliza, kazi yake husimama, hulipa, hufungua mlango na kwenda zake. Hunyeshewa, hulaliwa, hukunwa. Na kwa kuwa nywele huota kiasi cha sentimita 1 kila mwezi, baada ya majuma sita mistari iliyolala sawasawa juu ya ngozi huwa imeinuka kama matuta yaliyokosa palizi. Sijui sanaa nyingine ambayo mti wake huendelea kuota baada ya kuchongwa, wala ambayo kinyago chake kina maoni yake juu ya mchongaji.

Watu wa siku hizi wamedhani wamepata dawa ya jambo hili. Hupiga picha mbili, ya kabla na ya baada, wakazibandika ukutani au wakazituma kwa simu ili ulimwengu uone jinsi mtu alivyobadilika. Picha hizi nazishitaki. Katika ile ya kwanza mteja amefumuliwa nywele, mwanga uko nyuma yake, na hakuna aliyemwambia anyanyue kidevu. Katika ya pili amenawa uso, amepakwa poda, amesimamishwa karibu na mlango penye jua, na anatabasamu. Nusu ya mabadiliko ni kazi ya jua, nalo halikulipwa chochote. Lililo baya zaidi ni saa yenyewe, kwa maana picha ya pili hupigwa kabla msusi hajanawa mikono, wakati ambapo nywele yoyote duniani hutii. Mistari iliyovutwa mpaka nyusi zikapanda hupendeza sana saa hiyo. Usiku wa kwanza mwenyewe hulala kifudifudi kwa maumivu. Juma likipita, panja zake huota vipele vidogo. Na uvutaji huo ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, nywele za hapo hukatika na mizizi yake ikafa isiote tena. Msusi akitaka nimsifu, na anionyeshe picha ya siku ya kumi.

Picha moja ya nywele ninayoiheshimu haikupigwa kwa ajili ya nywele. Ni ile ya Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau upande wa Meru, alipotoka msituni mwaka 1963 wakati nchi ilipokuwa ikipata uhuru, akaonekana pamoja na Jomo Kenyatta. Watu huitazama kwa ajili ya historia, nao wafanya vema. Mimi huitazama kwa jicho la kazi yangu pia. Misokoto ile haikuchaguliwa mbele ya kioo. Nywele zetu huota kwa kujipinda, na kila siku mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100. Mwenye kuchana huziondoa kwa chanuo lake, lakini asiyechana hukaa nazo, zikijifunga katika jirani zake mpaka zilizokufa na zilizo hai zimekuwa kamba moja. Hakuna kinachotupwa. Nawe ukikumbuka kwamba nywele huota kama sentimita 12 kwa mwaka, msokoto usiokatika waweza kusomwa kama kalenda. Penye ngozi ya kichwa pana mwaka wa 1963. Ukishuka kidogo umefika Januari 1960, Hali ya Hatari ilipoondolewa. Na huko nchani pana siku za kuingia msituni, baada ya Oktoba 1952. Mwariama alifariki mwaka 1989. Msusi aliyetengeneza kichwa kile ni baridi ya Mlima Kenya na ukosefu wa kitana, na sijaona mwenye kumshinda.

Aliyebeba nywele kama hizo kwa muda mrefu kuliko yeye alikuwa mwanamke, Muthoni wa Kirima wa Nyeri, aliyepanda mpaka cheo cha juu kabisa cha wapiganaji wale. Zake zilikatwa Aprili 2022, baada ya miaka takriban 70, na aliyeshika mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta. Muthoni alifariki Septemba 2023. Ukataji ule ulizua maneno mengi. Wako walioshangilia, na wako waliouliza kwa nini mkasi ushikwe na mkono wa jamaa iliyokalia kiti cha utawala, ilhali wengi wa waliotoka msituni hawakupata hata kishamba. Swali lao ni la haki na sitaki kulizima. Lakini msusi ana swali lake, ambalo ni dogo kuliko lile na hutangulia mbele yake: mwenye kichwa alitaka? Muthoni alikubali. Nikiupima ule mkato kwa kipimo cha sanaa, nauona kuwa mmoja wa mikato michache ya siku zetu ambayo haikukusudia kumfanya mtu awe mrembo wala awe kijana. Ulikusudia kusema kwamba jambo fulani limefika mwisho. Wazee wetu waliijua kazi hiyo ya wembe. Katika kitabu chake juu ya Wakikuyu, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938, Kenyatta aeleza jinsi mama aliyejifungua alivyonyolewa kichwa siku zake za kukaa ndani zilipokwisha. Wembe ulimtenga na jana yake. Saluni za leo zimeipoteza maana hiyo karibu yote; sisi twajua kuongeza tu.

Tukija kwenye rangi, kijana hudhani imeletwa juzi ndani ya vikopo vya dukani. La. Vijana wa vita wa nchi hizi zinazouzunguka mlima walizifuga nywele zao, wakazisokota, wakazipaka mafuta na udongo mwekundu mpaka kichwa kikang'aa kama chungu kilichotoka motoni. Afisa mmoja wa Kiingereza, Orde Browne, alitunga kitabu mwaka 1925 juu ya Waembu, Wachuka, Wambeere na jirani zao, na katika jina lake akawaita makabila yanayotoweka. (Wajukuu wa hao waliotoweka hunipangia foleni kila Jumamosi, na wengine hugombana.) Joy Adamson naye aliwachora watu wa Kenya kwa mapambo yao, na michoro yake ikatokea katika kitabu mwaka 1967. Naipenda michoro hiyo kwa uangalifu wake, ila ina upungufu ule ule wa picha za saluni: hutuonyesha kichwa kilichomalizika, kimetulia, wala haituonyeshi mikono ya rafiki aliyeketi nyuma asubuhi nzima akisokota.

Udongo mwekundu ulikuwa na adabu moja ambayo rangi za leo hazina: ulikaa nje ya unywele. Ukiuosha, unywele ulibaki ulivyo. Hina ya watu wa pwani nayo ina unyenyekevu. Hushika juu ya nywele nyeusi, huitia wekundu mdogo unaoonekana juani, wala haiwezi kuifanya iwe nyeupe. Dawa ya kung'arisha hufanya jambo jingine kabisa. Huyafungua magamba ya unywele, huingia ndani, na kuiharibu ile rangi nyeusi tuliyozaliwa nayo. Weusi hautoki kwa mara moja. Hupita wekundu wa kutu, hupita rangi ya chungwa, ndipo hufika manjano, na kila hatua huuacha unywele dhaifu kuliko ulivyokuwa. Dawa ya kunyoosha nayo huvunja vifungo vinavyoufanya unywele ujipinde, wala haviungi tena. Ndiyo sababu kinachoota baadaye huja kimejipinda kama zamani, na mteja hurudi. Ukizitia dawa hizo mbili katika kichwa kimoja kwa siku moja, utazikusanya nywele zenyewe kwenye beseni.

Hata hivyo si haki kusema, kama wasemavyo baadhi ya wazee, kwamba nywele za dhahabu katika kichwa cheusi ni kichekesho. Nimeziona zikipendeza kupita kiasi. Nimeona mkato mfupi wenye rangi ya shaba juu ya uso wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, ukafanana na udongo wa barabara ya Igoji baada ya mvua, nami niliyeifanya kazi hiyo nikasimama kuitazama kama mgeni. Uzuri wake ulitokana na kuwa rangi ilitafutwa katika ngozi ya mtu yule. Iliyo mbovu ni rangi iliyotafutwa katika picha ya mtu mwingine, aliyezaliwa kwingine, mwenye nyusi nyingine, kisha ikabandikwa kama kofia. Tena rangi nyeusi nayo isidhaniwe kuwa haina hatari. Piko na rangi nyeusi za dukani huwaunguza ngozi watu fulani, na msusi asiyeijaribu kwanza nyuma ya sikio, akangoja siku mbili, anacheza kamari kwa uso wa mtu.

Katika kazi zote za kumbadilisha mtu, fundisho kubwa nililopewa lilitoka kwa mama mmoja mfanya biashara ya miraa, mwenye umri wa miaka sitini na kitu, aliyekuja siku mbili kabla ya arusi ya mwanawe. Alikuwa na picha iliyokatwa gazetini.

Nikamwuliza, "Mama, wataka niwafanane hawa?"

Akasema, "La, mwanangu. Hiyo ni ya kukuonyesha kwamba nina haraka. Wewe nibadilishe, lakini nikifika nyumbani mbwa wangu asinibwekee."

Sijapata kusoma sheria ya uhakiki iliyo fupi na timilifu kuliko hiyo. Nilimwachia mvi zake za mbele, ambazo msusi mwingine angezizika kwa rangi, nikazielekeza nyuma kwa mistari mipana isiyovuta, na nyuma nikasimamisha fundo dogo. Mbwa sikumwuliza.

Wasomaji wangu walio shuleni watasema kwamba haya yote ni ya watu wenye nywele. Ni kweli. Shule nyingi za nchi hii huwataka wasichana wakate nywele ziwe fupi kabisa. Sababu zitolewazo ni kuokoa wakati, kuzuia chawa, na kumzuia binti wa tajiri asimtambie binti wa maskini. Hii ya mwisho naikubali, maana naujua gharama wa kichwa kilichosukwa na najua mzazi gani hawezi kuulipa. Ila kipo kitu kingine kilichojificha chini ya sababu hizo, nacho ni imani kwamba nywele za Mwafrika zikiachwa ziote ni uchafu kwa asili yake. Na imani hiyo haikuanzia kwetu. Septemba 2019 Mahakama Kuu huko Nairobi iliamua kwamba shule moja ilikosa ilipomkatalia masomo msichana wa imani ya Kirasta kwa sababu ya misokoto yake. Uamuzi ule ulihusu dini, haukuiondoa kanuni ya nywele fupi kwa watu wote, na sidhani yafaa kuunyoosha zaidi ya urefu wake.

Mtihani wa mwisho ukiisha, wasichana hunijia kwa makundi. Wana nywele za sentimita 3, na kila mmoja ana picha ya mtu mwenye nywele za kufika kiunoni. Wako wasusi ambao siku hiyo hiyo huzifunga nywele ndefu za bandia juu ya zile changa, na uzito wake huzing'oa kabla ya Krismasi. Mwaka mmoja alikuja msichana wa kutoka Igoji, akataka hivyo hivyo. Nilimwomba anipe nusu saa kwanza. Nikaziosha, nikazitia mafuta ya mbarika, nikazipunguza pembeni kwa mkasi bila mashine, nikiufuata mfupa wa kichwa chake, kisha nikampa kioo cha mkononi ajitazame kwa nyuma katika kile kikubwa. Alijitazama kwa muda mrefu. Akaigeuza shingo kulia, akaigeuza kushoto, kisha akaniuliza kama kisogo chake kilikuwa hivyo siku zote. Nikamjibu kwamba kilikuwa hivyo. Akalipa, akaikunja ile picha akaitia mfukoni, akatoka kwenda kungojea gari la Igoji.