Adabu ya Kusogea Karibu

Ukitaja nondo, wengi humfikiria yule wa kijivujivu anayezunguka taa ya barazani usiku. Lakini nondo Chrysiridia croesus wa misitu ya Afrika Mashariki huruka mchana kweupe, mabawa yake meusi yakiwaka kijani, dhahabu na wekundu wa shaba. Nduguye wa Madagaska, Chrysiridia rhipheus, aliwahadaa hata mabingwa: mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury alimwandika kuwa ni kipepeo.

Kumpiga picha ya karibu ni mtihani wa mkono na pumzi. Lenzi ya makro ikimchukua kwa ukubwa wake halisi, hata ukibana tundu hadi f/11, sehemu inayotoka wazi ni kama milimita moja tu. Jicho likionekana vizuri, ncha ya bawa imeingia ukungu. Ndiyo maana fundi huiweka kamera sambamba na bawa, lote lienee katika kina hicho kidogo.

Kisha uje mwanga. Bawa limefunikwa magamba madogo yaliyopangana kama vigae, na kila gamba lina tabaka nyembamba mno zinazorudisha rangi moja ya mwanga kwa nguvu kuliko nyingine. Ukiinamisha kamera kidogo, kijani kinageukia bluu. Flashi ikipiga moja kwa moja, bawa huwa doa jeupe. Ikipitia kitambaa cheupe, rangi hutulia na kila gamba likahesabika.

Hapo ndipo ninapoiheshimu kazi hii. Rangi ya nondo huyu huzaliwa pale bawa, mwanga na jicho vinapokutana, hivyo kuchagua pa kusimama ndiyo nusu ya picha.

Wapo wanaowatia wadudu kwenye friji ili watulie. Sifa zangu nawapa wanaodamka alfajiri, nondo akiwa bado mzito kwa baridi, wakapiga magoti kwenye umande bila kumgusa. Kidole kikipita mara moja tu, magamba hubanduka, na hayaoti tena. Picha iliyomgharimu mdudu mabawa yake imelipiwa bei kubwa mno.

Kukaribia kiasi hicho bila kudhuru ni elimu kamili, na kijana yeyote mwenye simu ya kamera anaweza kuianza leo, kwenye ua wa nyumbani kwao.