Mkono wa Tatu

Kabla ya kuugusa kwa brashi, fundi aliung'oa mlango. Alilegeza skrubu za bawaba moja baada ya nyingine, akazitia kwenye kifuniko cha kopo zisipotee, kisha yeye na kijana wake wakaubeba na kuulaza juu ya matofali chini ya mparachichi. Nyumba ikabaki mdomo wazi. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipukuchua mahindi barazani, akauliza kama ilikuwa lazima.

"Mama, ukipaka mlango umesimama, chini hupafikii," fundi akasema. "Na maji huanzia chini."

Ilikuwa Julai, Kaengesa, kusini mwa mji wa Sumbawanga. Mwezi huo, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, asubuhi watu huota jua ukutani wakiwa na makoti. Mahindi yameshaingia ndani, matanuru ya matofali yanafuka moshi, na wenye vijana wa kuoa wanahesabu magunia. Ndio msimu wa rangi. Mvua zikishaanza Novemba, mpaka zikatike Aprili, fundi anayejiheshimu hafungui kopo uani.

Nilikuwa na swali langu. Kutoka barabara kuu nyumba za huku zinafanana: matofali ya kuchoma, mekundu kama ardhi yaliyotokana nayo, na bati juu. Mlango ndio pekee uliochaguliwa rangi. Huu bluu, ule kijani, ule mwingine damu ya mzee. Nilitaka kujua rangi hizi zina maana gani. Nilishasikia kwamba Wachina huupenda mlango mwekundu kwa kuwa huita heri, na kwamba mlango mweusi wa waziri mkuu wa Uingereza pale Downing Street, London, ni alama ya utawala ingawa siku hizi ni wa chuma, baada ya ule wa mbao kuondolewa kufuatia shambulio la mabomu la mwaka 1991. Bila shaka Wafipa nao walikuwa na lao.

Fundi hakunijibu. Alikuwa akikwangua.

Alishika kikwangulio kwa mikono miwili, akakisukuma kufuata mkondo wa mbao, na rangi kuukuu ikajikunja mbele yake kama maganda ya kitunguu. Karibu na kitasa akachimba zaidi, sehemu isiyozidi kiganja. Juu kulikuwa na damu ya mzee iliyopauka. Chini yake kijani. Chini ya kijani, bluu. Chini ya bluu, praima nyembamba iliyogeuka unga, halafu mninga wenyewe, wa kahawia iliyoiva. Mama akaacha mahindi, akaja kuinama. Aliweka kidole kwenye damu ya mzee: hiyo walipaka walipouza vizuri. Kijani ni mwaka mtoto wa kwanza alipochukuliwa seminari hapo hapo Kaengesa. Na bluu?

"Bluu niliikuta," akasema. Alimaanisha siku alipoletwa bibi arusi.

Hapo nikaanza kuona kwamba swali langu lilikuwa na haraka. Nilikuwa nikiisoma rangi ya juu peke yake, kama mtu anayesoma jalada la kitabu. Wenye nyumba husoma kurasa zote, na fundi ndiye anayezifunua.

Si wao tu wanaoandika kwenye mlango. Serikali nayo huandika. Wakati wa Sensa ya Agosti 2022 makarani walipita, na namba za kaya zikabaki kwenye miimo. Septemba 2023, chanjo ya polio ilipopelekwa nyumba kwa nyumba mkoani hapa Rukwa na mikoa ya jirani, maandishi yalirudi tena. Na kwenye barabara kuu za nchi hii ipo rangi moja ambayo maana yake haihitaji mkalimani: alama ya X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipopanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, X zikawa za aina mbili. Nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, naye avunje mwenyewe bila kutarajia kitu. Kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, huyo ana haki ya fidia. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mtu hutoka nje asubuhi, akatazama ukuta wake, na kwa tofauti ya kopo moja la rangi akajua kama ana pa kuanzia au hana.

Baada ya kikwangulio ulikuja msasa. Vijana wa siku hizi hudhani neno hilo limezaliwa dukani pamoja na karatasi yake. Msasa ni mti. Majani yake yana ukali kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao na pembe. Karatasi ilipofika ikarithi jina. Sasa hata watu hupigwa msasa, kwenye semina. Fundi alianza na msasa mkali, akashuka hadi ule laini, na kila baada ya muda alifumba macho na kuupitisha mgongo wa mkono juu ya ubao. Nilimuuliza kwa nini mgongo. Kiganja kimekufa kwa kazi, akasema, kinadanganya. Alipokutana na kibonde alikijaza pati, akaisubiri ikauke, akaisugua tena. Mpaka saa sita mchana hakuna rangi iliyokuwa imefunguliwa, na mpita njia angesema watu wale wameshinda bure.

Mapumzikoni walibishana rangi. Hapo Kiswahili chenyewe kikanipa somo. Tunasema mlango mweupe, mlango mweusi, mlango mwekundu. Rangi hizo tatu ndizo zenye sifa zake zenyewe, zinazojigeuza kufuata jina kama mwana anavyomfuata mzazi. Nyingine zote zimeazima kitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, manjano kwenye bizari, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda. Na damu ya mzee, rangi ya milango kuliko zote, imetoka kwenye mshipa wa babu. Maana haikuja baadaye kubandikwa juu ya rangi hizi. Kila mtu anayezitaja tayari ameshika jani, jivu au damu.

Mume alitaka damu ya mzee irudiwe. Mama alitaka bluu. Fundi, kama daktari, alieleza madhara ya kila dawa. Damu ya mzee huficha tope la masika linaloruka pale maji ya bati yanapoanguka na kupiga theluthi ya chini ya mlango, na wekundu wake, ukiwa umetokana na kutu ya chuma, haupauki upesi. Bluu huonekana mbali, hasa juu ya tofali jekundu, lakini jua la huku juu halina huruma nayo. Kijani kiko katikati, ila mwaka wa uchaguzi utaulizwa wewe ni chama gani. Madukani ni rahisi zaidi, akaongeza: kampuni ya simu huja na makopo yake, ikapaka mbele yote, na mwenye duka hupata rangi ya bure huku wateja wakijua kwa mbali pa kutoa pesa.

Nilicheka, lakini niliandika. Katika maneno yake kila rangi ilianza na sababu: tope, jua, pesa, majirani. Maana ilifuata nyuma.

Mlango wa pili, wa chuma, wa jirani, ulikuwa umeegemezwa ukutani ukingoja zamu. Ulikuwa umepakwa redoksaidi tu, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, nyekundu isiyong'aa. Nyuma yake ukuta mwekundu, chini yake udongo mwekundu, na ilikuwa vigumu kuona mlango unaishia wapi. Si ajabu: ni kitu kimoja. Wekundu wa ardhi ya Ufipa ni chuma kilichoshika kutu, na wekundu wa redoksaidi ni huo huo, umesagwa na kutiwa kwenye kopo. Wafipa walikijua chuma hicho zamani. Walijenga tanuru refu la udongo, ilungu, linalofika mita tatu na hata kuzidi, wakalijaza mawe ya chuma na mkaa, wakaliacha livute hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila kufukuta kwa mivukuto. Tanuru lile halikuwa chombo tu. Lilitendewa kama bibi arusi, na mfua chuma kama mumewe, kwa sababu lilitarajiwa kuzaa. Mabaki ya malungu bado yapo huku na huku kwenye uwanda. Jembe lililotoka humo lilisafiri mbali kuliko aliyelifua. Leo udongo ule ule unarudi kijijini kutoka kiwandani, umefungwa, una bei, na kazi yake ni kukizuia chuma kisirudi kuwa udongo.

Alasiri ndipo fundi alipofungua kopo. Alimimina rangi kwenye chombo kidogo kupitia soksi kuukuu, ili utando na uchafu vibaki. Alitumbukiza theluthi ya nywele za brashi, si zaidi, akazigonga pembeni mara mbili. Akaanza pasipo na mtazamaji: ukingo wa chini. Pale ncha za mbao ziko wazi na hunywa maji kama mrija. Aliuweka mlango ubavu, akapiga magoti, akausugua ule ukingo kwa brashi mpaka mbao ikaacha kufyonza.

"Hapa hapaonekani," nikasema.

"Maji yanapaona."

Kisha paneli, kisha mbao za kulala, mwisho zile ndefu za kusimama, kwa mkono mmoja mrefu usiokatika kutoka juu hadi chini. Kila mpapaso uliishia ndani ya rangi mbichi, haukuanzia humo, ndiyo maana hapakuwa na alama ya kiungo. Akachuchumaa, akautazama ubao kwa mshazari dhidi ya mwanga, akaona mchirizi nisiouona, akauvuta kwa ncha ya brashi. Kijana wake alikuwa akinyunyiza maji uani kwa ndoo ili vumbi lilale. Kuku mmoja alikaribia. Alifukuzwa kwa heshima, kwa kuwa ni kuku wa mwenye nyumba.

Huo ulikuwa mkono wa kwanza. Kwa mafundi rangi huhesabiwa kwa mikono: mkono wa kwanza hushika, wa pili hufunika, wa tatu huonekana. Kila asubuhi, umande ulipokauka, aliung'oa mlango. Kila jioni aliurudisha kwenye bawaba, kwa kuwa familia haiwezi kulala bila mlango. Kwa siku tatu hiyo ni mara tatu kung'oa na mara tatu kufunga, skrubu zile zile, kwa ajili ya ukingo usioonekana. Hakuna aliyemwagiza, na katika mapatano haukuwa na bei.

Nilikumbuka milango ya Unguja. Pale Mji Mkongwe, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, sifa ya mlango iko kwenye nakshi: samaki, mnyororo, yungiyungi, misumari ya shaba iliyochongoka kifuani. Mchongaji huacha jina lake kwenye mbao kwa karne, hata asipoliandika. Mpaka rangi wa Kaengesa hachongi kitu. Kazi yake ikifanywa vizuri hupotea, kwa kuwa mtu huona bluu, haoni mikono mitatu. Naye anajua kwamba baada ya miaka kumi fundi mwingine atakuja na kikwangulio, atafika kwenye tabaka lake, na huyo ndiye atakayemhukumu.

Walichagua bluu. "Ikipauka nitakuita," mama akasema, na mume akaenda kutazama ng'ombe.

Jioni ya tatu mlango ulirudishwa mahali pake, rangi ikiwa imekauka usoni lakini bado laini kingoni. Ukifungwa ungegandamana na mwimo, na asubuhi wangeubandua pamoja na kazi yote. Fundi akaokota gunzi kwenye lundo la mama, akalichomeka kati ya mlango na fremu. Nafasi ikabaki, upana wa gunzi la hindi.

Hilo si jambo dogo huku. Jina la Sumbawanga lenyewe husimuliwa kuwa ni amri ya Kifipa kwa anayeingia: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Mji uliochagua kumsemesha mgeni mlangoni hauchukulii usiku kwa wepesi. Mama aliitazama ile nafasi, akaingia ndani, akasikika akiburuta kitu kizito, pengine gunia la mahindi, mpaka nyuma ya mlango. Nuru ya taa ikajichora kwenye ufa, mstari mmoja wima kando ya bluu mbichi.

"Ukija kesho," fundi akaniambia akifunga brashi zake kwenye gazeti, "usigonge."

Nilikuja asubuhi kuaga. Nilisimama hatua mbili nyuma, mikono nimeificha kwenye koti, nikapiga hodi kwa mdomo.