Waliobaki Kijijini: Kitabu cha Mjerumani na Sinema ya Mmarekani

Miongoni mwa wageni wengi walioisimulia nchi yetu kwa walimwengu, wawili wastahili kuchunguzwa pamoja: Mjerumani kwa kitabu chake na Mmarekani kwa sinema yake. Kwa kawaida hutazamwa mbalimbali. Kitabu huachiwa wanahistoria, na sinema huhesabiwa kuwa burudani tu. Makala haya yanakusudia kuwapima wote wawili kwa mizani moja, na mizani hiyo ni historia ya wilaya ya Rungwe.

Rungwe yafaa kwa kazi hiyo kwa kuwa Mjerumani aliiandika mapema na kwa wingi. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika huko mwaka 1891. Baadaye serikali ya kikoloni iliweka boma lake mahali ilipopaita Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Mwaka 1894 Alexander Merensky, mkuu wa msafara wa Berlin, alitoa kitabu ambacho jina lake lina maana ya ‘Kazi ya Wajerumani huko Nyasa’. Mwaka 1906 daktari wa jeshi, Friedrich Fülleborn, alitoa kitabu kikubwa juu ya sehemu za Nyasa na Ruvuma, akakipa jina dogo la ‘Nchi na Watu’.

Haifai kuvibeza vitabu hivyo. Waandishi wake walikaa, walichunguza, na waliandika mambo ambayo bila wao huenda tusingeyapata kwa maandishi. Lakini majina yenyewe yanatuonya. Katika jina la kwanza, mwenye kazi ni Mjerumani. Katika la pili, nchi yatangulia na watu wafuata. Mnyakyusa yumo ndani ya kurasa, anaelezwa nyumba yake, migomba yake na mila zake. Ila hadithi si yake. Yeye ni habari ya mtu mwingine.

Sasa tuitazame sinema. Mwaka 1951 Mmarekani John Huston alitoa ‘The African Queen’, iliyotokana na riwaya ya mwaka 1935 ya Mwingereza C. S. Forester. Ilipigwa Uganda na Kongo, lakini kisa chake kimewekwa katika nchi yetu iliyotawaliwa na Wajerumani, mwaka 1914. Mwanzoni twaona kanisa la kijijini, mmisionari wa Kiingereza na dada yake, na waumini wa Kiafrika wasioweza hata kuufuata wimbo. Mara Wajerumani wanafika na askari wao, wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Mmisionari anakufa. Tangu hapo sinema yapanda mashua pamoja na dada yake na nahodha mlevi, ikateremka mtoni kuwinda manowari ya Kijerumani. Wanakijiji waliochomewa nyumba hawaulizwi tena walikwenda wapi.

Hapo ndipo Rungwe inapojibu. Vita vile vilipofika kwao, mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Je, kanisa lilikufa? La. Walimu na wazee wa Kinyakyusa walishika kazi: walifundisha, walihubiri, waliwaongoza waumini. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Nyasaland waliwaangalia kwa muda, na Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920 walikuta kanisa lipo, tena lina viongozi. Basi, pale sinema inapokiacha kijiji, ndipo historia ya kweli ya Rungwe inapoanza. Na kosa hilo si la sinema peke yake. Maandishi ya misheni nayo kwa desturi humfuata mmisionari: akiondoka, hadithi huondoka naye.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1962, Mmarekani mwingine, Howard Hawks, alitoa sinema iliyopewa jina la Kiswahili, ‘Hatari!’, iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika. Safari hii Mjerumani si adui tena. Hardy Krüger, mwigizaji wa Kijerumani, anasimama bega kwa bega na John Wayne katika kundi la wakamata wanyama. Siasa za dunia zilikuwa zimegeuka, na adui wa jana amekuwa ndugu. Krüger aliipenda Momella hata akaweka makazi huko, na mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya shamba lake. Hivyo sinema ya Mmarekani ikazaa kitabu cha Mjerumani, na mduara ukakamilika. Lakini katika kugeuka kote huko Mwafrika hakusogea hata hatua moja: katika ‘Hatari!’ yungali msaidizi, mpishi, au sehemu ya mandhari. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili kuondoa fikra hiyohiyo.

Huenda mtu akasema kuwa sinema ni mchezo, nayo haiwajibiki kufundisha historia. Ni kweli, na ‘The African Queen’ ni mchezo uliotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Lakini mtazamaji hasomi kumbukumbu za kanisa la Rungwe. Huona kijiji kinaungua, kisha huona mto. Polepole huamini kuwa baada ya moto hapakuwa na kitu.

Dawa si kuwafungia wageni mlango. Kazi ya mmisionari Theodor Meyer juu ya Wanyakyusa ilichapishwa kwa Kiswahili huko Mbeya mwaka 1993, na kurudi kwake ni faida kwetu. Ebrahim Hussein, ambaye baadaye alisoma Berlin, alitupa ‘Kinjeketile’ mwaka 1969: humo Mjerumani yupo, na ukatili wake upo, lakini tamthilia inaanza kwa wanawake wawili wanaozungumzia njaa. Mwandishi amebaki kijijini. Wilaya ya Rungwe inayo hadithi ya walimu wa mwaka 1916, yenye hofu, imani na uamuzi mzito wa kutosha sinema nzima. Atakayeiandika aanzie hapo mashua inapoondoka, naye asiipande.