Msamiati wa Kamari: Kutoka Mbio za Farasi hata Mkeka wa Temeke

Lugha ipokeapo biashara mpya hupokea na maneno yake, na aghalabu maneno hufika kabla ya maelezo. Ndivyo ilivyotokea kwa kamari ya michezo katika viunga vya Dar es Salaam. Katika Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, na katika Tandika na Mbagala upande wa Temeke, watu hubeti juu ya mechi za kandanda za Ulaya na za nyumbani, na msamiati wao umekwisha kukomaa. Nia ya makala hii ni kuupima msamiati huo, pamoja na ule wa sheria na wa matangazo, kwa swali moja: je, maneno haya yamwambia msemaji ni kitu gani anachokinunua?

Yafaa kwanza kukumbuka kwamba sehemu kubwa ya istilahi hizi ilikuzwa katika mbio za farasi, mchezo usiokuwa na mizizi Dar es Salaam. Uwanja wa mbio hizo ujulikanao zaidi katika Afrika ya Mashariki ni ule wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Tuchukue neno hendikapu. Asili yake ni mchezo wa Kiingereza wa kubadilishana vitu, ambamo wachezaji walitia mikono yao ndani ya kofia. Katika karne ya 18 neno likahamia kwenye farasi: farasi bora alibebeshwa uzito zaidi ili mashindano yawe sawa. Leo lapatikana katika kamari ya kandanda, likimaanisha mabao ambayo timu hupewa au kunyimwa katika hesabu kabla ya mchezo kuanza. Mchezaji wa Tandika hulipokea pasipo farasi, pasipo uzito na pasipo kofia. Hana njia ya kuikisia maana kutokana na umbo la neno. Hana budi aambiwe, na mara nyingi huambiwa na hasara.

Hata hivyo lugha yetu haikuwa maskini katika jambo hili. Tulikuwa na kamari, neno la asili ya Kiarabu. Tulikuwa na dau, fedha iwekwayo na mchezaji. Tulikuwa na bahati nasibu, ambamo maneno mawili ya maana zilizokaribiana yamefungwa pamoja. Na katika miji yetu mchezo wa karata za njiani uliitwa pata potea, jina ambalo kwa vitenzi viwili tu limetaja pande zote mbili za jambo. Zaidi ya hayo, Kiswahili kilikuwa na sarufi ya kamari: mshindi hula, na aliyeshindwa huliwa. Asemaye “nimeliwa” amekiri kwamba fedha yake imeingia mdomoni mwa mwingine.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoweka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, yajulikana kwa Kiswahili kwa jina lisilotaja kamari. Twaweza kulikubali neno kubahatisha, kwa kuwa shina lake ni bahati, na bahati ndiyo itawalayo mchezo. Lakini matangazo yamekwenda hatua nyingine, yakachagua kubashiri. Hapa ndipo penye shida. Kubashiri ni kutoa habari ya jambo lijalo; ni tendo la ujuzi, na katika asili yake ya Kiarabu lina harufu ya habari njema. Mtu aweza kubashiri mvua asitoe hata senti moja. Neno halina dau ndani yake, wala halina mlaji na mliwa. Aliyebashiri vibaya hakuliwa, bali amekosea. Na tofauti hii si ndogo: aliyeliwa huondoka mezani, lakini aliyekosea hurudi kesho ili asahihishe kosa lake. Hivyo hasara ya mkoba imegeuzwa kuwa upungufu wa ujuzi.

Tuje sasa kwenye maneno ya mtaani. Lililo bora kwa ufundi ni mkeka, yaani orodha ya mechi kadhaa zilizofungwa kwa dau moja. Mkeka ukifaulu husemwa umetiki. Timu moja ikishindwa, mkeka umechanika. Istiari hii ni nzuri, nayo ni ya Kiswahili kabisa, kwa kuwa mkeka halisi hushonwa kwa shupatu nyingi. Lakini yapotosha mahali pamoja. Mkeka wa ukindu ukichanika upande mmoja, hushonwa ukatandikwa tena. Na kila shupatu iongezwayo huupa upana. Mkeka wa kamari una tabia iliyo kinyume: uzi mmoja ukikatika hakuna kilichobaki, na kila mechi iongezwayo huudhoofisha.

Jambo hili haliwezi kuonekana pasipo kulielewa neno jingine, odi, ambalo baadhi ya watu hulifasiri kuwa “uwezekano”. Tafsiri hiyo si sahihi. Tuseme mechi moja imepewa odi 2.00 kwa timu ya nyumbani kushinda, 3.20 kwa sare, na 3.60 kwa wageni. Mtu atakaye kupata shilingi 1,000 kwa vyovyote mechi itakavyokwisha atalazimika kuweka 500, na 312 na nusu, na karibu 278, jumla 1,090. Kama odi zingekuwa uwezekano mtupu, jumla ingekuwa 1,000 kamili. Zile 90 zilizozidi ndizo fungu la kampuni. Kwa hiyo odi ni bei, na ndani ya bei mna faida ya muuzaji. Katika utaratibu ulioanzishwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860, fedha za wachezaji wote wa mbio za farasi hukusanywa pamoja, mwendeshaji akatoa sehemu yake, kisha zilizobaki zikagawiwa washindi. Huko fungu hukatwa waziwazi. Katika odi limefichwa ndani ya tarakimu.

Ikiwa kila mechi hurudisha kwa wastani shilingi 92 kwa kila 100, mkeka wa mechi kumi hurudisha kwa wastani 43 tu, kwa kuwa fungu hukatwa mara kumi. Msukaji wa mkeka mrefu huutazama upana wa malipo. Neno mkeka halimwonyeshi kwamba kila shupatu imemtoza ushuru.

Neno la mwisho ni Muhindi, jina ambalo wachezaji huiita kampuni yoyote ya kamari, wakisema wamempiga Muhindi walaposhinda. Kwanza, jina hili lawaonea watu wa jamii nzima kwa biashara isiyokuwa yao peke yao. Pili, laugeuza uhusiano wa hesabu kuwa pambano la watu wawili, ambamo mjanja aweza kumshinda mwenziwe. Lakini hapana mtu wa kupigwa pale, pana tarakimu.

Nashauri mambo matatu. Odi iitwe kizidisho, kwa kuwa ndiyo namba ambayo dau huzidishwa kwayo, wala isiitwe uwezekano. Lile fungu lililofichwa lipewe jina, na “fungu la kampuni” latosha. Jambo lisilokuwa na jina haliulizwi. Na neno kamari lirudishwe katika maandishi ya sheria na ya matangazo, pamoja na vitenzi vyake vya kula na kuliwa. Wako watakaosema kwamba kamari ni neno la kulaumu. Huenda, lakini kazi ya istilahi ni kubainisha kitu, na msomaji wa Mbagala atakapokuwa amekijua kitu hicho kwa jina lake, uamuzi wa kucheza au kuacha utakuwa wake kweli.