Wapishi Wawili Wasioonana

Ilikuwa yapata saa saba usiku. Nairobi tumekwisha kuiacha nyuma, na New York ingali mbali. Safari nzima ni kama saa 15. Mhudumu alikuja na kitambaa cheupe cha meza. Akakitandika, akapitisha kiganja mara moja toka katikati hadi pembeni, mkunjo ukapotea. Akaweka sahani, kisha akaizungusha kidogo ili nyama ije upande wangu. Ndege ikatikisika. Kwa mkono wa kushoto akaiwahi glasi yangu bila hata kuitazama, maana macho yake yalikuwa kwangu. “Mama, nikuletee na pilipili?”

Kenya Airways ilianza safari hii tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8 yenye viti 234, na 30 kati yake ni vya daraja la biashara. Wageni 30 si wengi. Lakini mwanamke yeyote aliyewahi kupika shughuli aingie katika jiko la ndege, atashika kichwa. Ni kijichumba ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. Hamna moto wala sufuria. Kuna oveni, mtambo wa maji moto, na toroli zilizofungwa kwa komeo.

Ndiyo maana chakula cha angani kina wapishi wawili. Wa kwanza yuko chini. Anapika, anakipoza haraka hadi chini ya nyuzi 5, anakifunika. Ujuzi wake mkubwa ni kujua pa kuachia: mnofu wa ng'ombe anaukaanga juu tu, ndani ukiwa haujafika, rojo analizidisha, kwa kuwa oveni itakausha. Mpishi gani hupenda kutoa chakula ambacho hakijafika? Huyu hukitoa, akimwamini mtu ambaye huenda wasionane maisha yao yote.

Tena inambidi apikie ulimi asioujua. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, na pua iliyokauka hainusi vizuri. Mwaka 2010, taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilichunguza jambo hili kwa niaba ya Lufthansa, ikaona kwamba chumvi hupungua makali kwa asilimia 20 hadi 30, na sukari kwa 15 hadi 20. Mpishi mvivu angemwaga chumvi. Fundi huegemea nyanya na uyoga, vyenye ladha ile nzito ambayo Wajapani huiita umami, isiyozimwa na ngurumo za injini. Huongeza iliki na tangawizi, akamuachia mwenzake, mhudumu wa ndegeni, amalizie.

Ndege yenyewe nayo inasaidia. Ndege nyingi za zamani humweka abiria katika hewa kama ya mlima wa mita 2,400. Hii humshusha hadi kama mita 1,800, ambao ndio mwinuko wa Nairobi. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akivuta pumzi humo, kifua chake kiko nyumbani. Madirisha hayana vifuniko. Hufifishwa kwa kitufe, na taa nazo hushushwa taratibu kama jua la magharibi.

Ng'ambo ya njia, mzee mmoja alilala kabla ya chakula, kiti chake kikiwa kimenyooka kuwa kitanda. Mhudumu alipita mara tatu. Mara ya kwanza aliokota blanketi lililoanguka, akamfunika miguu. Mara ya pili alizima taa yake ya kusomea. Mara ya tatu aliweka chupa ya maji mahali ambapo mkono wa mtu aliyeamka ungeifikia. Hakumwamsha. Nyama iliyokwisha kupashwa haipashwi tena, hivyo sehemu ya mzee aliiacha kwenye ubaridi.

Mzee aliamka tukiwa juu ya Atlantiki. “Samahani binti yangu, nadhani nimechelewa.”

“Hujachelewa, mzee. Chakula chako sijakigusa.”

Akaingia jikoni. Dakika 20 hivi zilipita, harufu ya iliki ikatangulia, kisha akatoka na kitambaa cheupe. Akakitandika, akapitisha kiganja mara moja. Kazi aliyoachiwa huko Nairobi ikaishia hapo, mezani kwa mzee, ikiwa ya moto.