Kitana, Qasil na Mkono: Kuzipima Nywele Ndefu Balambala

Urefu ndio jambo la mwisho kuangaliwa. Mtu akisifiwa kwa misuko inayogusa kiuno, mjuzi huomba aone sehemu mbili: ncha na kisogo. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ncha iliyofika kiunoni imeishi miaka mitano au zaidi, na imebeba kila kosa la miaka hiyo. Kisogo hueleza ya wiki hii, maana pale chini ya mtandio ndipo jasho linapokusanyika na kitambaa kinaposugua kutwa. Ncha zikiwa zimejaa, karibu sawa na unene wa msuko ulikoanzia, na vidole vikishuka kisogoni bila kukwama, aliyezitunza anastahili sifa. Urefu peke yake mtu huzaliwa nao.

Balambala haimrahisishii mtu kazi hii. Mji uko ukingoni mwa Mto Tana, upande wa juu wa mto kutoka Garissa. Mvua ya mwaka ni milimita 300 hivi, na wakati wa jilaal, kati ya Januari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 35 na upepo huingiza vumbi mpaka kwenye mikunjo ya shuka. Nywele za Wasomali wengi wa hapa ni laini, zenye mawimbi au vipindo vidogo. Zikiwa na mafuta huteleza. Zikikauka, kila kipindo hunasa cha jirani yake. Hewa kavu na vumbi hufanya nusu ya kazi ya kuzitatiza, na usingizi humalizia.

Fundo lenyewe lina chanzo ambacho wengi hawakitazami. Kila siku nywele 50 hadi 100 hung'oka zenyewe kichwani, na hilo si ugonjwa. Kwa mwenye nywele fupi huanguka zikaisha. Kwa mwenye nywele ndefu hubaki ndani ya msuko, zikajizungusha kwenye zilizo hai, vumbi likazishika, jasho likazigandisha. Unywele una magamba madogo sana yaliyolaliana kama vigae vya paa, yakielekea nchani. Ule uliong'oka ukigeuka kichwa chini, magamba yake husimama dhidi ya magamba ya wenzake, na kila unapovuta unakaza zaidi. Basi anayeijua kazi hii hasubiri mafundo. Hufumua msuko kila baada ya siku chache, akapitisha vidole tangu utosini, akazitoa zilizokufa kabla hazijafunga ndoa na zilizo hai. Ukimwona mtu anajivunia kwamba msuko wake umekaa mwezi mzima bila kuguswa, usimwonee wivu. Subiri siku ya kufumua.

Sasa kitana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nywele nyingi huharibiwa na kifaa kabla hazijaharibiwa na mkono. Vitana vya plastiki vinavyouzwa Suq Mugdi mjini Garissa hutoka kwenye kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vilipokutana hubaki mshono mwembamba kwenye kila jino. Jicho haliuoni. Pitisha ukucha ubavuni mwa jino toka juu hadi chini. Ukihisi ukingo unaokwaruza, jua kwamba ukingo huo utapita kwenye kila unywele, kila siku. Kipimo kizuri zaidi ni mtandio wa shifoni. Kokota kitana juu yake taratibu. Kikivuta uzi hata mmoja, kirudishe mezani. Muuzaji mwelewa hakasiriki.

Tazama pia pale jino na jino yanapokutana shinani. Nafasi ikiwa na pembe kali, nywele hubanwa pale chini na kukatika. Ikiwa imeviringika, hupumzika na kupita. Ncha za meno ziwe butu kiasi cha kuweza kuzikandamiza kwenye ngozi ya mkono bila maumivu. Kwa kitana cha mti, ambacho mimi nakipenda kuliko vyote, geuza uone nyuzi za mti zinaelekea wapi. Lazima zifuate urefu wa meno. Zikikata meno kwa upana, kitana hicho kitavunjika jino kabla ya Idi, na jino lililovunjika huacha msumeno. Mti uwe umelainishwa na kunyweshwa mafuta. Mti mkavu hunyonya mafuta ya kichwani. Nafasi pana kwanza, nafasi finyu baadaye au pasiwepo kabisa: kitana cha meno membamba ni cha kutafutia chawa na kunyoosha mstari wa kati.

Kinachofuata ni qasil, unga wa majani ya mti wa gob, yaani mkunazi. Majani haya yana saponini, ndiyo maana hutoa povu na kusafisha bila kukausha kama sabuni ya kufulia, ambayo ukali wake huyainua magamba ya nywele. Ni dawa yenye heshima ya zamani. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Ummu Atiyya alisimulia jinsi walivyomwosha binti wa Mtume alipofariki, kwa maji na mkunazi, kisha wakazitengeneza nywele zake misuko mitatu. Wanawake wa bara hii na wa pwani ya Lamu wanaujua mti huo kwa kazi hizo zote mbili, ya walio hai na ya maiti.

Lakini qasil nzuri na qasil mbaya zinakaa kwenye mifuko inayofanana. Nzuri ni ya kijani, kwa kuwa majani yalianikwa kivulini. Iliyogeuka kahawia ilichomwa na jua au imekaa sana dukani. Harufu iwe ya majani makavu, isiwe ya kuvunda. Sugua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada: inapaswa kuteleza mithili ya poda. Kisha tia kijiko kimoja katika gilasi ya maji, koroga, uache. Mchanga hutua chini upesi na utauona. Mchanga ukiingia kwenye nywele zenye vipindo hautoki kwa maji, na kila chembe ni mwanzo wa fundo. Paka pia kidogo kiganjani kwa robo saa. Pakibaki rangi ya chungwa, wamechanganya hina. Hina ni njema, ila inunuliwe kwa jina lake, na ioshwe mpaka maji yawe meupe, maana masalio yake hukausha. Na piko isihesabiwe hina. Ile ni rangi ya kemikali, na ngozi za watu wengine hutoka malengelenge.

Ukipata qasil safi, ichekeche mara ya pili kwa kitambaa chembamba hata kama muuzaji ameapa. Ikoroge iwe nyepesi, imiminike. Uji mzito unaopakwa kwa kusugua kichwa kwa duara ndio unaosokota nywele. Mkono unaosafisha hutembea kwenye ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, na nywele zenyewe huoshwa kwa kushuka tu, toka juu kwenda chini.

Maji nayo yana daraja. Ya Tana hubeba tope, hivyo wa Balambala na Sankuri huyaacha kwenye mtungi usiku kucha, au huyatuliza kwa shabu, kisha huchota ya juu. Walio mbali na mto hutumia visima, na vingi vina chumvi. Maji ya namna hiyo utayatambua kwa sabuni kugoma kutoa povu. Huacha utando mgumu juu ya nywele, zikawa kavu hata zikiwa zimepakwa mafuta. Dawa ni maji ya mwisho yenye ndimu kidogo, nusu ndimu kwa ndoo ndogo, yaliyochujwa. Uchachu huyalaza magamba, na utausikia utofauti kwenye vidole papo hapo.

Unywele uliolowa huweza kunyooka karibu asilimia 30 zaidi ya urefu wake, na huvunjika kwa urahisi ukivutwa zaidi. Kwa hiyo mwenye nywele za singa au mawimbi mapana achane zikiwa zimekauka nusu. Mwenye kipilipili afanye kinyume: achane zikiwa zimelowa na zina mafuta, kwa kuwa kwake ukavu ndio mvunjaji.

Halafu mkono. Hapa ndipo msusi hodari anapojulikana, na huhitaji kumuuliza chochote. Atagawa kichwa mafungu manne kabla ya kugusa fundo lolote. Ataanza nchani, apande kidogo kidogo, huku mkono wa kushoto umeshika fungu juu ya mahali anapochana, ili mvuto usifike kwenye ngozi. Mtoto aliyekaa mbele yake hakunji uso. Fundo atalifungua kwa vidole, akilipanua ubavuni badala ya kulivuta chini, na kitana kitaingia baada ya vidole kumaliza. Sikiliza pia. Nywele zinazopita hutoa mchakacho mwororo. Zinazokatika hutoa mlio mfupi mkavu. "Hooyo, ukisikia imelia, umeshaikata," mama humwambia bintiye anayejifunza kumchana mdogo wake, akimwita kwa neno lile lile la Kisomali la kumwita mama.

Ushahidi hubaki kwenye kitana. Zitandaze nywele zilizotoka juu ya kitambaa, cheupe kwa nywele nyeusi. Ndefu zenye kitone cheupe kwenye shina ziling'oka kwa wakati wake. Vipande vifupi visivyo na kitone vimekatwa na mkono uliochana. Nyingi zikiwa za namna ya pili, mtafute msusi mwingine, hata kama misuko yake inapendeza machoni. Vivyo hivyo akikaza hadi nyusi zikainuka na vipele vikatokea kando ya paji: nywele za pembeni zikivutwa hivyo kwa miaka hazioti tena.

Mafuta si lazima yawe ya bei. Samli ya ng'ombe, simsim, au mafuta ya nazi kutoka pwani yote huteleza, na ya nazi huingia ndani ya unywele na kuzuia maji yasiuvimbishe mno. Yapakwe kabla ya kuosha na nchani baada yake, machache. Mafuta mengi huita vumbi la jilaal.

Chini ya mtandio weka kitambaa cha hariri au satini, hasa kisogoni, na usifunike nywele mbichi. Usiku, msuko mmoja legevu. Wala hofu ya josho isimfanye mtu aache kusuka: Muslim amepokea kwamba Ummu Salama aliuliza juu ya misuko yake katika josho la janaba, akaruhusiwa kuiacha na kujimiminia maji kichwani mara tatu.

Likitokea bonge lililogandamana, la mgonjwa aliyelala wiki nyingi au la msafiri, liloweshe kwa mafuta usiku mzima kabla ya kukata tamaa. Vidole visipofua dafu asubuhi, mkasi upite kwa urefu wa nywele, toka karibu na ngozi kwenda nchani, ukiligawa bonge vipande vyembamba. Usikate kwa upana. Kila kipande kichambuliwe peke yake, na nyingi ya nywele ulizodhani zimepotea zitabaki kichwani.