Kabla ya Neno: Mkato na Maana katika Filamu Mbili za Mwanafunzi

Miongoni mwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili imekita mizizi dhana kwamba filamu ni tamthilia iliyopigwa picha. Dhana hii haikuzuka bure. Filamu, sawa na tamthilia, ina wahusika, mandhari, mgogoro na kilele. Na mwanafunzi aliyezoezwa kuzichambua tamthilia za Ebrahim Hussein au za Said Ahmed Mohamed huona kuwa istilahi alizo nazo zatosha kumvusha hadi ng'ambo ya pili. Matokeo yake hudhihirika pale mwanafunzi huyo anapopewa kamera na kuagizwa atengeneze onyesho la dakika tano. Aghalabu huisimamisha kamera pale ambapo mtazamaji wa jukwaani angeketi, huwapanga waigizaji wake katika mstari mmoja, kisha huwaacha wazungumze. Anachokiwasilisha ni mazungumzo yenye picha. Mwalimu naye, ambaye mafunzo yake ni yale yale, huyahakiki maudhui, akausifu ujumbe, akatoa alama.

Makala haya yanashikilia kwamba kosa hapa si la vifaa wala si la kipawa. Ni kosa la kinadharia: mahali inapozaliwa maana ya filamu pamekosewa. Maana hiyo haizaliwi katika neno la mhusika, wala katika picha moja moja, bali pale picha mbili zinapounganishwa. Mahali hapo ndipo panapoitwa mkato katika uchambuzi huu. Na picha moja isiyokatizwa, tangu kamera kuanza kuzunguka hadi kusimama, itaitwa kipande. Ili dai hili liwe wazi, zitaangaliwa kazi mbili fupi zilizotengenezwa mwaka 1966 na Krzysztof Kieślowski, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi katika chuo cha filamu cha Łódź, nchini Polandi. Kazi za mwanafunzi zimeteuliwa kwa makusudi. Katika kazi ya bingwa, mikato hujificha. Katika kazi ya anayejifunza, kila mkato huonekana ukifanya kazi, kama mshono katika nguo ya fundi ambaye bado anashona kwa mkono.

Dai lenyewe si jipya. Chuo cha serikali cha filamu kilifunguliwa Moscow mwaka 1919, na muda si muda Lev Kuleshov, aliyezaliwa mwaka 1899 na hivyo hakuwapita sana wanafunzi wake kwa umri, akawa na karakana yake humo. Ukanda wa filamu ulikuwa adimu. Kwa hiyo wanafunzi walifanya mazoezi yaliyojulikana kama filamu bila ukanda: waliligawa onyesho katika vipande, wakaviigiza kimoja baada ya kingine kana kwamba kamera ipo. Ukata huo hautakiwi kusifiwa, kwani hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuomba. Lakini ulilazimisha jambo moja, nalo ni kwamba onyesho lilikatwa akilini kabla ya kukatwa mezani. Jaribio la Kuleshov linalotajwa mno ni lile la uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine. Uso ule ule usiobadilika uliunganishwa na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mtoto anayecheza. Na kwa mujibu wa Vsevolod Pudovkin, watazamaji waliustaajabia ustadi wa mwigizaji katika kuonyesha hisia tofauti. Ukanda wa jaribio hilo haukusalia, na masimulizi ya Kuleshov mwenyewe hayalingani kikamilifu na ya Pudovkin. Hata hivyo kanuni imebaki: mtazamaji alikiona katika uso kile kilichokuwa katika kipande kilichoufuata.

Msomi wa fasihi simulizi hana haja ya kusafiri hadi Moscow ili akutane na kanuni hii. Kitendawili huijua tangu zamani. Mtegaji asemapo kwamba kuku wake katagia mwibani, na jibu likawa nanasi, kuku na nanasi huwekwa bega kwa bega bila kiunganishi chochote. Hakuna "kama", hakuna "mithili ya". Msikilizaji ndiye hujenga daraja. Tofauti ni kwamba kitendawili kina jibu moja lililokubaliwa na jamii, na anayeshindwa hutoa mji. Mkato hauna mji wa kupewa. Mtegaji huondoka zake, na kila mtazamaji hubaki na jibu lake, jambo ambalo huwatatiza sana wanafunzi waliolelewa katika fasihi ya ujumbe.

Filamu ya kwanza ya Kieślowski inaitwa *Tramwaj*, yaani tramu, lile gari la umeme lipitalo barabarani juu ya reli. Urefu wake hauzidi dakika sita, haina rangi, na haina sauti. Ilitengenezwa chini ya usimamizi wa Wanda Jakubowska, mwelekezi aliyepitia kambi ya Auschwitz na kuisawiri katika filamu yake ya mwaka 1948. Kisa chenyewe ni chepesi kiasi cha kumchekesha mhakiki wa riwaya. Ni usiku. Kijana anakimbia, anadandia tramu. Ndani mna abiria wachache, na mmoja wao ni msichana. Kijana anajaribu kumchekesha. Msichana anasinzia. Kijana anateremka kituo chake kinapofika, kisha anajuta na kuanza kuikimbilia tramu ile ile ambamo msichana amelala.

Yafaa kulitazama tatizo ambalo kisa hiki kinamtwika mwanafunzi. Watu wawili wasiojuana wameketi ndani ya gari, na hakuna anayesema. Jukwaani, tatizo hili lingetatuliwa kwa neno, au kwa usemi wa pembeni ambao hadhira huusikia na mwenzake haupati. Hapa hakuna njia hiyo. Kilichopo ni macho. Kijana anatazama, mkato, msichana. Msichana anatazama, mkato, kijana. Ili mtazamaji asadiki kwamba wanatazamana, iwapo mmoja anaelekeza macho upande wa kulia wa fremu, mwenziwe lazima ayaelekeze kushoto. Wakielekea upande mmoja, mtazamaji atadhani kuna mtu wa tatu wanayemtazama wote. Kamera ikivuka ule mstari wa kuwazika ulio kati yao, uhusiano wote huvunjika pasipo hata mmoja wao kufanya kosa la uigizaji. Hili hufunzwa kama ufundi, na huandikwa katika vitabu vya ufundi. Lakini ni suala la nafsi ya msimulizi: nani anaona, nani anaonwa, na msomaji amewekwa upande wa nani. Mhakiki anayetumia saa nzima kuainisha msimulizi wa nafsi ya tatu katika riwaya, kisha akapuuza mwelekeo wa macho katika filamu, ameacha kazi yake mlangoni.

Lililo kubwa zaidi ni mwisho. Filamu inaanza na kijana akikimbia na inakwisha na kijana akikimbia. Tendo ni moja, mwili ni mmoja. Mara ya kwanza mtazamaji haoni chochote ila mtu aliyechelewa gari. Mara ya pili anaona kutaka, na aibu, na pengine upumbavu. Mwigizaji hakuongeza kitu. Kilichoongezwa ni vipande vilivyo katikati, hasa kile cha msichana aliyesinzia, kwa maana kijana sasa anamkimbilia mtu ambaye hata hajui kwamba kuna anayemkimbilia. Ni jaribio la Kuleshov lililotolewa mezani na kuingizwa ndani ya maisha ya mtu. Washairi wetu wanaifahamu athari ya kibwagizo kinachorudi bila kubadilika neno, ilhali beti zilizopita zimekwisha kukibadilisha. Wachache ndio waliofikiri kuitafuta athari hiyo katika picha.

Hapa huzuka pingamizi, nalo ni zito. Je, mafunzo haya ya ububu hayamtengi mwanafunzi na lugha yake? Utamaduni wa Waswahili ni wa neno. Hadhira ya Afrika Mashariki imeshuhudia filamu za kigeni zikisimuliwa upya katika vibanda vya video na watambaji wa aina ya DJ Afro nchini Kenya, ambao huifanya filamu ya mapigano kuwa ngano ya mtaani. Kumnyang'anya mwanafunzi neno kwa kisingizio cha sanaa kunaweza kuonekana kuwa ni kumpa ulimi wa wengine.

Pingamizi hili linajibiwa na kazi ya pili, *Urząd*, yaani ofisi, ya mwaka uo huo wa 1966. Hii ni filamu ya hali halisi ya dakika zipatazo sita. Watu, wengi wao wazee, wamepiga foleni mbele ya dirisha dogo katika ofisi ya bima ya jamii. Wanatakiwa fomu, mihuri, vyeti, wanaambiwa warudi. Neno limejaa tele. Lakini neno hilo halitoki midomoni mwa wanaoonekana. Sauti ilinaswa kando na picha ikapigwa kando, na mwanafunzi hakuhangaika kuvifunga pamoja. Sauti ya karani inapita juu ya nyuso za wanaongoja, juu ya mikono, na hatimaye juu ya rafu zilizosheheni majalada, ikimwagiza mwombaji aandike aliyoyafanya katika maisha yake yote. Ombi hilo, likiwa limetamkwa dirishani kwa mtu mmoja, ni utaratibu wa kawaida wa ofisi. Likiunganishwa na majalada yasiyo na sura, ni kinaya kikali kuhusu dola ambayo imegeuza umri wa binadamu kuwa karatasi. Hakuna aliyeitukana serikali. Hakuna hata sentensi moja ambayo mkaguzi angeweza kuifuta, kwa kuwa tusi halimo katika sentensi. Limo katika mkato.

Ikichukuliwa hivyo, desturi ya vibanda vya video haipingani na somo la Łódź. Sauti ya DJ Afro nayo haitoki kinywani mwa mwigizaji. Imewekwa juu ya picha iliyotoka kwingine, na uchangamfu wake wote watokana na kutoafikiana huko: shujaa wa Hong Kong anarusha teke, sauti inamlalamikia mwenye nyumba wa Nairobi. Mtazamaji wa kibanda amekwisha kuzoea kwamba neno na picha ni vitu viwili, na kwamba kicheko kipo kati yavyo. Mwanafunzi anayetoka katika hadhira hiyo, akaingia darasani na kufunga kila neno kwenye mdomo unaofunguka, amesahau alichokuwa akikijua. Ububu wa *Tramwaj* si lengo basi, ni mfungo. Neno hurudi baada yake likiwa kitu cha kupangwa pamoja na vitu vingine, wala si mhimili wa kuegemezwa yote.

Ni kweli kwamba mazingira yamebadilika. Ukanda wa milimita 35 hupita katika kamera kwa kasi ya picha 24 kila sekunde, takriban mita 27 kwa dakika, na kila mita ilikuwa na bei. Mikato ilifanywa kwa wembe na gundi, na aliyekata vibaya aliyaona makosa yake sakafuni. Mwanafunzi wa leo ana simu inayomeza saa nzima ya picha, na programu ya kuhariri ambayo hufuta kosa kwa kidole. Hakuna sababu ya kuililia gundi. Lakini mwenye vipande 200 vya onyesho moja hajawa tajiri kuliko mwenye 12 mpaka ajue ni kipi kinadai kipi. Na mara nyingi vipande vyake vyote 200 vimepigwa kutoka mahali pamoja, kwa umbali mmoja, huku watu wakizungumza. Mbele ya meza ya uhariri hugundua kwamba hana cha kukata, kwani vipande viwili vinavyofanana havina kitu cha kuambizana.

Idara za fasihi zinazopokea kazi za aina hii hazina budi kuliamua suala la kutahini. Onyesho likitahiniwa kwa kusoma mswada wake tu, mwanafunzi atajifunza kuandika mswada. Likitahiniwa huku sauti imezimwa, kisha likatazamwa tena huku sauti ikirejeshwa, mtahini ataweza kusema kilichofanywa na picha na kilichofanywa na neno, na pia kile ambacho hakikufanywa na chochote kati ya hivyo viwili. Utaratibu huu utawaangusha baadhi ya wanafunzi wanaosifiwa sasa kwa ufasaha wao. Huenda ukawainua wengine ambao mazungumzo yao ni ya kigugumizi lakini wanajua ni wakati gani wa kuuacha uso na kuutazama mlango.

Kieślowski mwenyewe hakuliacha zoezi lake mbali. Katika *Przypadek*, filamu aliyoitengeneza mwaka 1981 na ambayo wakuu wa Polandi waliizuia hadi 1987, kijana anaikimbilia treni, si mara mbili tena bali mara tatu. Mara moja anaidaka, na maisha yake yanaelekea kwenye chama tawala. Mara moja anazuiwa na mlinzi wa stesheni, na maisha yanaelekea kwa wapinzani wa chama hicho. Mara moja anaikosa tu, anageuka, na jukwaani pa stesheni kuna mwanamke anayemjua.